Kabla Mashine ya Matwebe Haijawashwa

Zuhura mwanangu,

Mama yako yuko nyumbani anakufungia vitumbua na anakuandalia hotuba. Ya chandarua, ya kuchemsha maji, ya kutotembea peke yako usiku, yote utayapata kwake, na ukifika Ifakara kwenye kazi yako mpya atakupigia simu ayarudie. Mimi nimebaki hapa dukani baada ya kufunga, mvua inapiga bati, ninaandika nyuma ya karatasi za oda. Ninalotaka kukwambia nikilisema kwa mdomo nitaligeuza. Nimeligeuza kwa miaka saba na nimelizoea.

Nianze na lililo karibu. Kesho saa kumi na mbili asubuhi basi lako linaondoka, na mimi sitakuwa stendi. Nitakuwa njiani kwenda Matwebe kwa Mzee Ambokile, yule aliyenunua mashine ya kukatia majani ya ng'ombe uliyomuuzia Alhamisi. Fundi umeme anafika kwake saa moja kuunganisha mota. Ikishaunganishwa, atakayeiwasha na kuisukumia majani ni Bupe, mke wa mtoto wake, na Bupe hajafundishwa chochote. Fomu inasema mtumiaji amefundishwa. Fomu hiyo ina sahihi yako, na aliyekwambia usaini ni mimi.

Unakumbuka ilivyokuwa. Ulimpitisha mzee kwenye mashine vizuri kabisa: rola zinazovuta, visu, mkanda, kava. Mimi nilikuwa nyuma ya kaunta nimejaa fahari, najifanya nahesabu pleti za majembe. Kisha ukauliza swali ambalo mimi sikuwahi kuliuliza nilipokuwa na umri wako.

"Mzee, atakayeitumia ni nani hasa?"

"Mkwe wangu, mwanangu. Mume wake yuko Mbeya kwenye ujenzi, na mimi mgongo umekataa."

"Yupo?"

Mzee akaangalia chini. Wewe ukatazama nje ukamwona mwanamke amesimama ng'ambo ya barabara, kwenye upenu wa duka la mbegu, kanga kichwani, uso kauelekeza ukutani. Ukaniambia, "Baba, si yule pale? Mbona hasogei?"

Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikakujibu, "Hawezi kusogea alipo mzee, ni mila yao. Mzee atamweleza. Saini, gari linasubiri."

Wewe umekulia hapa Ibighi katikati ya watu wa mjini, kisha shule ikakupeleka mbali, kwa hiyo huenda hukuelewa. Mimi nilielewa. Babu yako alikuja huku kutoka pwani na cherehani yake, lakini mimi nimezaliwa Tukuyu, nimecheza na watoto wa Kinyakyusa, nimekula kwao na kulala kwao. Siku hizi nyumba nyingi zimelegeza, lakini kwa wazee kama Ambokile bado. Mke wa mtoto hasimami alipo baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hakutani naye njiani, hasemi naye. Ndiyo heshima yenyewe. Sasa niambie, mzee aliyefundishwa mashine dukani atamweleza vipi mwanamke asiyesema naye? Nililijua hilo wakati nakwambia saini. Nililijua, Zuhura.

Jioni ile ulikula ukiwa unaongea tu, mashine yako ya kwanza, na mama yako akakupigia makofi. Mimi nilisema tumbo linauma. Nikaenda kulala mapema.

Sasa nikupeleke nyuma. Unamjua Mama Atu wa Lufingo, yule anayeleta maziwa mjini. Kabla hujaenda shule ya mbali nilikuwa nakutuma kwake na chupa. Uliwahi kuniuliza kwa nini anashika kikombe cha kupimia kwa mkono wa kushoto, na kwa nini wa kulia una vidole viwili. Nikakujibu kwamba alikatwa na mashine kwa sababu hakufuata maelekezo. Nilikujibu huku nafunga kamba za viatu, nisikutazame.

Mashine ile niliuza mimi. Baba mkwe wake alikuja kuichukua siku ya mvua kama hii ya leo. Nilimfundisha mzee kwa nusu saa, akanishukuru "ndaga, ndaga" kila nilipotua. Mama Atu, ambaye jina lake hasa ni Subilaga, alikuwa amesimama nje ya geti la yadi, amejifunika jani la mgomba. Nilimwona. Macho yetu yalikutana kabisa. Kitu kilichotakiwa kilikuwa kidogo: nimwombe mzee aende kunywa chai hapo kwa jirani, nimwite yule mama ndani, nimwonyeshe kwa dakika ishirini, basi. Lakini ilikuwa mwisho wa mwezi, makao makuu walitaka fomu zote kabla ya saa tisa, na nilikuwa na wateja wawili wananisemesha kwa pamoja. Nikamgeuzia mgongo. Nikaandika kwamba mtumiaji amefundishwa, mzee akasaini, mimi nikasaini.

Wiki ya pili matete yalikuwa yamelowa, yakakwama kwenye mdomo wa mashine. Akayasukuma kwa mkono. Rola hazijui mkono na jani, zinavuta tu. Kava nililoliacha limefungwa lilikuwa limeshatolewa, kwa sababu hakuna aliyemwambia ni la nini, na lilikuwa linamchelewesha. Hakujua inazimwa wapi. Mashine ilikuwa na kitufe chekundu ubavuni, karibu kabisa na goti lake, na yeye hakukijua.

Baba mkwe wake alikuwa nyuma ya nyumba. Yeye peke yake kwenye ule uwanja ndiye aliyejua kitufe kiko wapi. Alisikia ukelele, akaja, akazima, kisha akamgeuzia mgongo na kuita majirani. Kati ya kusikia ukelele na kuja, alisimama. Maisha yake yote alikuwa amefundishwa asisogee alipo yule mwanamke, na miguu yake ikaitii mila kwanza. Alisimama kwa muda gani hakuwahi kusema, na sasa ameshafariki. Nilikwenda msibani kwake. Nilikaa nyuma kabisa, nikaondoka kabla ya chakula.

Walikuja watu wawili kutoka makao makuu kuuliza. Walinikuta hapa hapa. Nikafungua faili nikawaonyesha fomu. Sahihi ya mzee ipo, yangu ipo. Wakaandika uzembe wa mtumiaji, wakapiga picha fomu, wakanipa mkono. Mwisho wa mwaka duka letu likapewa cheti cha huduma bora kwa wateja. Ndicho kile kilichokuwa ukutani juu ya kaunta, ulichokuwa ukipenda kukifuta vumbi, na ambacho ulikitaja ulipokwenda kwenye usaili wa kazi hii. Uliponisimulia kwamba wale mabwana walitabasamu uliposema wewe ni binti yangu, nilitoka nje nikaenda kukagua stoo ambayo nilikuwa nimeshaikagua.

Nisije nikakufanya uione kazi hii kuwa ya aibu. Naipenda kazi hii kuliko ninavyokubali mbele ya mama yako. Miaka ile walituletea matrekta mawili makubwa ya kulimia, mtu wa mjini ameyachagua kwenye picha. Nani alime mteremko wa Lufingo kwa trekta lile? Yalikaa yadini mpaka kuku wa jirani wakataga chini ya injini, na kila mwezi napigiwa simu naulizwa kwa nini hayauziki. Utaagiza spea ya pampu, italetwa ya pawatila, lile trekta dogo la kushika kwa mikono. Mteja atakutukana kwa kosa la kiwanda ambacho hata wewe hujui kiko nchi gani. Kitabu cha maelekezo kitakuja kwa lugha ambayo hapa hakuna hata mganga anayeweza kuisoma. Utakasirika, na una haki ya kukasirika, na umerithi hasira zangu kwa hiyo kunywa maji kwanza.

Lakini kuna siku utatengeneza pampu ya mtu kwenye bonde, umelala ubavu kwenye tope, umekata tamaa, unavuta kamba mara ya mwisho kabla ya kurudi mjini, na inawaka. Mwenye pampu atacheka peke yake. Mkewe atatoka jikoni na mwiko mkononi. Utalazimishwa kula ndizi na maziwa mgando hata kama umeshiba, na utarudi nyumbani unanuka petroli huku unaimba. Mlio ule wa mashine inayowaka mara ya kwanza kwenye uwanja wa mtu ndio ulionifanya nisiondoke hapa. Nilitaka na wewe uusikie. Nakutakia uusikie mara nyingi.

Baada ya mkono wa Subilaga nilijiwekea utaratibu wangu. Mtu yeyote akija kuchukua mashine, nilianza kumfundisha kuzima. Azime mara tano kabla hajajua kuwasha. Na afundishwe yule atakayeishika, si yule aliyekuja dukani kuinunua. Nimeufuata utaratibu huo kwa miaka saba bila kumwambia mtu kwa nini. Vijana wa duka walikuwa wananicheka, wakaniita Mzee wa Kuzima. Niliwaacha wacheke, maana wangeuliza.

Sasa utauliza, ikawaje Alhamisi? Nimejiuliza sana, na jibu si zuri. Hakukuwa na meneja aliyenikimbiza siku hiyo. Gari la kukodi la mzee lingeweza kusubiri, dereva mwenyewe alikuwa anakula mahindi. Nilitaka tu uondoke Tukuyu na mashine moja kwa jina lako. Nilikuona umesimama pale na kalamu, sura yako ya furaha, nikaogopa kwamba nikimwita yule mama na kumtoa mzee nje, mambo yatachelewa, mzee atanuna, atasema atarudi wiki ijayo, na wiki ijayo wewe hupo. Kwa ajili hiyo nikauweka mkono wa mwanamke mwingine rehani. Nikasema ni upendo. Jihadhari nami katika hilo, mwanangu. Mtu anayekupenda anaweza kukuambia usaini.

Leo saa sita mchana Mzee Ambokile akanipigia, furaha tupu.

"Mwanangu, fundi amepatikana! Kesho saa moja, kabla ya ibada. Tukirudi kanisani ng'ombe watakula majani ya mashine."

Nikamwambia, "Mzee, nakuomba msiwashe mpaka nifike. Kuna kitu hatukukimaliza."

"Kitu gani? Binti yako amenifundisha vizuri mno. Nimesaini."

"Nimfundishe Bupe."

Kisha akasema, kwa upole kabisa, "Mtamkuta mwenyewe ameshaanza. Yule ni mwanamke wa kazi." Simu ikakatika. Nimempigia tena mara sita na haipatikani, sijui chaji, sijui mtandao. Na hata ikipatikana, siwezi kumwambia mpe Bupe simu. Simu ya mzee haiwezi kutoka mkononi mwake kwenda mkononi mwa mkwe wake. Namba ya Bupe mwenyewe hatukuiandika, kwa sababu kwenye fomu tuliandika ya mzee.

Simu ilipokatika nilichukua pikipiki, lakini sikuelekea Matwebe. Nilikwenda Lufingo kwa Subilaga. Nilijiambia njiani kwamba namfuata anisaidie kumfundisha Bupe, kwa kuwa mashine hakuna anayeijua kuliko yeye. Ilikuwa kweli, ila sababu kubwa ilikuwa nyingine.

Nilimkuta anaosha madumu ya maziwa.

"Mama Atu, nimekuja kusema jambo."

"Sema. Mimi naosha."

Nikasema yote. Fomu, mwisho wa mwezi, watu wa makao makuu, maneno ya uzembe, cheti. Nilisema nikiwa nimesimama, maji yananichuruzika kofiani, na sikupamba. Hakuacha kuosha. Alilisugua dumu moja mpaka nikadhani litatoboka.

"Nilikuona," alisema mwishoni. "Siku ile, nje ya geti. Ulinitazama kisha ukageuka."

"Ndiyo."

"Mimi nilikuwa nasema, labda hakuniona. Miaka yote hii nasema, yule baba wa watu, labda na ile mvua hakuniona."

Zuhura, nimetukanwa katika kazi hii na watu wa kila aina. Hakuna aliyenifikia pale aliponifikia yule mama na dumu lake. Nililia. Yeye hakulia. Alifunika madumu yake, akayapanga, ndipo akauliza huyo msichana wa Matwebe ana watoto. Nikamwambia wawili. Akauliza, "Kesho saa ngapi?"

"Nikupitie saa kumi na moja alfajiri."

"Njoo na koti la mvua la ziada. Langu linavuja."

Hakusema amenisamehe, na sikuthubutu kuuliza. Ataingia kwa Mzee Ambokile kama mwanamke mwenzao, atakwenda moja kwa moja nyuma alipo Bupe. Mimi nitamshika mzee mkono nimpeleke mbele ya nyumba tukaongee habari za ng'ombe. Basi. Ndivyo ilivyokuwa rahisi tangu mwanzo.

Ninachoogopa ni njia. Mvua hii ikiendelea, pikipiki tutaisukuma kwenye ule mteremko, na fundi yule nasikia ni kijana anayewahi. Kila nikiandika mistari miwili nasimama mlangoni kutazama mbingu. Nimetamani niende sasa hivi nikalale kwenye kibaraza chao. Kama siyo Subilaga ningekwenda. Lakini nikifika peke yangu, mwanamume mgeni, nitaambiwa tena na mzee kwamba ameelewa na amesaini, na sina cha kumwonyesha. Subilaga ana mkono.

Mambo mengine mawili. La kwanza, cheti nimekishusha. Ukutani imebaki alama nyeupe ya mraba, na vijana Jumatatu watauliza. La pili, nimemwandikia meneja barua na kumweleza ya Subilaga jinsi ilivyokuwa. Ataipata Jumatatu, siku ile ile unayoripoti kazini. Huenda wakaniachisha. Huenda wakakuita ofisini wakuulize kuhusu baba yako, na wale waliotabasamu wasitabasamu. Nisamehe kwa kukutangulizia wingu hilo. Usinitetee. Ukiulizwa kama ulisaini fomu ya Matwebe bila kumfundisha mtumiaji, sema ndiyo, na sema sasa ameshafundishwa, kama Mungu akitujalia tuwahi. Nakala ya fomu hiyo iko ndani ya bahasha hii. Kaa nayo. Sijalifuta jina lako, maana siwezi kukufutia kitu ambacho kimeshatokea, ila pembeni nimeandika kwa mkono wangu nani aliyekuamuru.

Ningependa sana kukuona unapanda basi. Nilikuwa nimepanga hata nitakachokutania kuhusu begi lako hilo linalofanana na la mganga wa kienyeji. Mama yako atakushika mkono peke yake, na atanikasirikia mpaka Ramadhani, na barua hii mwachie aisome baada yako.

Mkishapita Kiwira mtandao ni mzuri. Weka simu mkononi. Nikipiga, usiniulize kitu na usiseme haloo, sikiliza tu. Utasikia mashine inanguruma kwenye uwanja wa Mzee Ambokile, na labda ng'ombe, na Subilaga anamgombeza mtu. Halafu utasikia imenyamaza. Nitaacha simu hewani uusikie ule ukimya vizuri, ujue kwamba aliyezima ni Bupe.

Na kama Mbeya mmeshaiacha mbali na sijapiga, niombee, kisha endelea na safari.

Mimi baba yako,
Idrisa